Ndege Anayetaga Maji

Mwaka ambao mvua ilisahau njia ya kwenda Nyika ya Mikwaju, Mfalme Simba hakukaa bure. Aliunda kamati. Kamati ya Ukame ilikaa siku tisa kwenye kivuli cha mwamba, ikanywa maji yote ya akiba ya ikulu, kisha ikatoa taarifa yake: kuna ukame.

Wanyama walipiga makofi. Ilikuwa vizuri kujua.

Mhanga hakupiga makofi, kwa sababu kucha zake zilikuwa zimejaa mchanga mbichi na hakutaka mtu azione.

Kwa wasiomfahamu, Mhanga ni mnyama aliyeumbwa kwa vipande vilivyobaki: masikio ya punda, pua ya nguruwe, na mkia kama wa panya aliyekula vizuri. Anakula mchwa, anaishi shimoni na hasemi sana. Nusu ya wakazi wa nyika ile walilala kwenye mashimo aliyoyachimba yeye kisha akayahama. Hakuna aliyewahi kujiuliza mashimo hayo yalitoka wapi. Walidhani ardhi huwa hivyo.

Siku ile kamati ilipokuwa ikisoma taarifa, Mhanga alikuwa ametoka kwenye kona ya mto, nyuma ya mawe, mahali ambapo mto ulikuwa umebaki jina na mchanga. Alikuwa amechimba mpaka mkia wake ukazama chini ya usawa wa mchanga, na chini kabisa akakuta maji. Hayakuwa mengi. Yalikuja taratibu kama jasho, yakikusanyika kiasi cha kujaza vibuyu vinane kwa siku.

Mnyama mwingine angepiga kelele za furaha. Mhanga alikaa kimya, kwa kuwa aliijua sheria ya visima. Sheria ilisema hivi: kisima kipya hutangazwa barazani, na mfalme hunywa siku saba kabla ya mwingine yeyote kulowesha ulimi. Baada ya mfalme, ndugu za mfalme. Baada yao, marafiki wa ndugu.

Kiangazi kilichopita Ngiri alichimba kisima na kukitangaza, kama raia mwema. Simba alikunywa, akaoga, akawaita shemeji zake waoge. Siku ya tano kingo zikaporomoka na kisima kikawa tope. Ngiri alipewa cheo cha Mchimbaji Mkuu. Hakuishi muda wa kutosha kukitumia.

Kwa hiyo Mhanga alifukia alama zake, akarudi shimoni kwake, akalala huku akiwaza namna ya kugawa maji bila kuwa na maji.

*

Jirani yake wa karibu alikuwa Swala, mama wa mtoto mmoja aitwaye Kidoti, mwenye umri wa wiki tatu na doa jeupe katikati ya paji la uso. Maziwa ya Swala yalikuwa yamekauka. Mhanga alilijua hilo bila kuambiwa. Masikio yake, ambayo nyika nzima iliyafanyia mizaha, yalisikia kila kitu, na siku tatu mfululizo yalikuwa yakimsikia mtoto akinyonya na kutopata kitu.

"Nisimulie tena," Kidoti alisema mchana ule. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Kuna ndege anaitwa Mtagamaji," Swala alianza. "Mweupe, mkia wake una rangi saba. Kiangazi kikizidi, hupita kwenye milango watu wakiwa wamelala. Ukiamka unakuta yai. Ukilipasua, ndani hakuna kiini. Kuna maji."

"Wewe umewahi kumwona?"

"Bibi yangu alimwona."

"Mbona kwetu haji?"

"Lala, mwanangu. Haji kwa mtoto aliye macho."

Mhanga hakuwa mpenzi wa hadithi. Hadithi nyingi alizozisikia zilihusu wanyama wazuri wa sura wakipata vitu bila kuchimba. Lakini katika hii alisikia jambo moja la maana: yai ni chombo.

Mbuni alikuwa amehama mwezi mmoja uliopita pamoja na ukoo wake, akaacha viotani maganda makubwa ya vifaranga waliokwisha kuanguliwa, na mayai mengi yaliyoharibika. Haya ya pili maganda yake yalikuwa mazima. Mhanga aliyatoboa kwa ukucha, akayamwaga, akayasuuza. Harufu ilikuwa ya kutosha kumkatisha tamaa mtu mwenye moyo mwepesi, na ndege mwenye mkia wa rangi saba bila shaka angekata tamaa. Mhanga aliyasuuza mara tatu. Akayajaza maji, akaziba kila tundu kwa udongo wa kichuguu na kuusawazisha kwa ulimi mpaka yai likaonekana halijaguswa.

Usiku ulikuwa zamu ya Fisi kuzurura, kwa hiyo haukufaa. Mhanga, ambaye tangu kuzaliwa alikuwa hulala mchana, aliamua kuacha usingizi. Jua lilipokuwa utosini na kila mnyama amelala kivulini akihema, alitoka na mayai mawili yakining'inia shingoni kwa kamba ya katani. Moja aliliacha kwa Swala. La pili aliliacha kwa Digidigi, mjane mzee wa ng'ambo ya pili.

Alirudi shimoni akatega masikio.

Kwanza kimya. Kisha kishindo kidogo cha kwato. Kisha Swala akasema, "Haiwezekani," neno ambalo watu hulisema jambo likiwa tayari limewezekana. Ganda likapasuka. Mhanga akamsikia Kidoti akinywa, na kunywa, na kuacha kidogo kuvuta pumzi, na kunywa tena.

"Mama," Kidoti alisema, "huyu ndege hatembei kwa mabawa. Ana miguu. Ona kucha hizi, zimechora mpaka kule kwa Bi Mhanga."

Kwato za Swala zikafuata alama hatua chache, zikasimama.

"Ndege wote wana miguu," Swala alijibu hatimaye. Mhanga akasikia mkwaruzo wa tawi juu ya mchanga: Swala alikuwa anafagia. Alifagia kuanzia mlangoni kwake mpaka karibu kabisa na shimo la Mhanga. Hakubisha hodi. Alirudi kwake.

Tangu siku ile Swala akawa mwanamke msafi kupita kiasi. Kila alasiri alifagia uwanja wake, wa Digidigi, na njia yote ya katikati. Majirani walisema ukame umemgusa akili.

*

Baada ya siku kumi nyika nzima ilikuwa inamjua Ndege Mtagamaji, na kila mtu alikuwa na binamu aliyemwona. Nyani alisema ana taji. Kanga alisema wanafanana kidogo, usoni. Watoto walilala mchana kwa hiari, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Sungura alifika kwa Mhanga siku ya kumi na moja, amebeba kikapu, na nyuma yake Fisi amebeba kikapu kikubwa zaidi.

"Hodi hapa! Bi Mhanga, shikamoo."

"Marahaba. Ndiyo nyinyi."

"Ndiyo sisi. Mimi sasa ni Msemaji wa Ndege. Umeshasikia?"

"Nashinda shimoni. Hongera. Amekuchagua lini?"

"Juzi. Alinijia akaniambia, 'Sungura, nimechoka kutaga bila utaratibu.' Anataka mchango kwa kila mlango, ndiyo aendelee kutaga."

"Mchango gani?"

"Karanga. Viazi vitamu. Matunda makavu, kama yapo."

Mhanga alimtazama mdomoni. "Ndege mwenye meno ya kutafuna karanga," alisema. "Kweli Mungu ana vingi."

"Na mifupa," Fisi aliongeza haraka. "Usisahau mifupa, Msemaji. Anapenda sana mifupa."

"Huyu ni Mweka Hazina," Sungura alieleza. "Basi, wewe unatoa nini?"

"Nina mchwa."

"Ndege hali mchwa," Sungura alisema kwa masikitiko ya mtu anayemfahamu vizuri. "Hii ndiyo sababu mlangoni kwako hapiti, mama. Usijisikie vibaya. Anapenda nyumba zenye sura nzuri."

Waliondoka. Mhanga akawasikia wakienda mlango kwa mlango, na akasikia milango ikitoa. Digidigi alitoa karanga zake za mwisho. Swala alitoa viazi viwili, akitabasamu kama mjinga, kwani kukataa kungemfanya Sungura aanze kuuliza maswali na kutazama chini.

Jambo lenyewe lingeishia hapo, kwenye wizi wa kawaida, kama habari hazikufika ikulu.

"Anataga kwa swala," Simba alinguruma, na Mhanga akamsikia vizuri kutoka umbali wa vilima viwili. "Anataga kwa digidigi! Mlango wangu anaupita?"

"Ana haya, Mtukufu," ilijibu sauti ya Sungura. "Hawezi kuukaribia ukuu hivi hivi. Lazima maandalizi."

"Basi ajiandae. Ijumaa, jua likiwa utosini, atataga mbele yangu, Uwanja wa Kichuguu, wanyama wote wakiona. Kuanzia hapo atataga kwangu tu. Mayai mengine yote yataletwa kwangu, nami nitayagawa kwa utaratibu."

Kila mtu aliujua utaratibu. Ngiri aliujua kuliko wote.

"Na asipotaga?" Simba aliuliza.

"Atataga, Mtukufu."

"Nimesema asipotaga."

"Asipotaga," Sungura alisema, "mimi nitawajibika." Alilisema kama wakubwa wanavyolisema, yaani bila kufikiri kwamba lina maana.

*

Msemaji alihitaji yai, na hakuwa nalo. Pamoja na akili zake zote, hakuwahi kuwaza kutafuta lilikotoka. Kazi ya kutafuta ilikuwa ya watu wengine. Alifanya jambo jepesi. Alhamisi mchana, Mhanga alipokwisha kuacha yai mlangoni kwa Swala na kurudi shimoni, Fisi alitoka nyuma ya kichaka, akalitia yai kikapuni, akaondoka akicheka cheka.

Mhanga alimwona. Angeweza kupiga kelele. Kelele zingeleta watu, watu wangeuliza alikuwa anachungulia nini mlangoni kwa jirani saa sita mchana, na kufikia alasiri Simba angekuwa anaoga kisimani. Akauma ulimi. Ni ulimi mrefu, kwa hiyo kulikuwa na mengi ya kuuma.

Kidoti aliamka, akatazama mlangoni.

"Leo hajapita."

"Atapita kesho," Swala alisema.

"Kesho atakuwa wa mfalme."

Alasiri ile, kwa mara ya kwanza, Swala hakufagia. Kulipokucha, Kidoti hakusimama. Alilaza kichwa juu ya miguu ya mama yake na hakuomba hadithi.

Lakini Mhanga hakuwa shimoni kuyasikia hayo yote. Tangu alasiri ya Alhamisi alikuwa kwenye kona ya mto, akichimba. Vibuyu vinane kwa siku havikutosha kwa alichokusudia. Alishuka urefu mwingine mzima wa mwili wake. Ukucha mmoja ulivunjika, akauacha hukohuko. Ijumaa asubuhi maji yalikuwa yamemfika tumboni, na pembeni yake, kwenye mchanga, palikuwa na mayai ishirini na tatu yaliyozibwa vizuri. Nyumba za upande ule, pamoja na ikulu, zilikuwa ishirini na tatu. Aliijua idadi yake, maana mashimo karibu yote alikuwa ameyachimba yeye.

Tangazo la mfalme lilisema kuhudhuria ni lazima kwa kila mnyama, hata walinzi wa ikulu, hata wagonjwa. Swala alimbeba Kidoti mgongoni. Nyika ikabaki tupu. Hakuna aliyegundua kwamba Mhanga hayupo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliona faida ya sura yake.

Alianza na mlango wa Swala. Huko uwanjani shughuli nayo ikaanza, na masikio yake yakamletea yote alipokuwa akienda mlango hadi mlango.

"Enyi wakazi!" ilisema sauti ya Sungura. "Ndege amekwisha kutaga alfajiri, kwa faragha, kutokana na haya zake. Yai limelindwa na Mweka Hazina kwa uaminifu mkubwa."

"Mkubwa," Fisi alisema.

Nyumba ya tano. Nyumba ya sita.

"Mbona ni jepesi upande mmoja?" Simba aliuliza.

"Maji ya baraka, Mtukufu, hutulia upande mmoja."

Nyumba ya tisa. Mhanga alisikia ukucha wa mfalme ukivunja ganda. Alisikia kichwa kizito kikiinuliwa na koo kubwa likifunguliwa mbele ya raia. Kisha akasikia sauti ambayo ilichukua muda kuitambua, kwa kuwa hakuwahi kumsikia simba akitafuna mchanga.

Mahali fulani kanga alicheka, akajifanya amekohoa.

"Huu," Simba alisema, akitema, "ni nini?"

"Ndege amekasirika!" Sungura alidakia. "Kuna mtu hakutoa mchango!"

"Fisi," Simba alisema.

"Mtukufu, nilionja tu."

"Ulionja."

"Kidogo. Kutoka chini. Tone moja likaita jingine."

"Na mchanga?"

"Yai lilikuwa limekuwa jepesi, Mtukufu," Fisi alisema, akikaribia kulia. "Nikaona si heshima kumletea mfalme yai jepesi. Na wazo la kuliiba mlangoni kwa Swala halikuwa langu. Lilikuwa la Msemaji. Na viazi vyote viko kwake, mimi nimepewa mifupa tu, tena mikavu!"

Nyumba ya kumi na nne. Mhanga alilazimika kusimama kidogo. Alikuwa na yai mkononi, na haifai kucheka ukiwa na yai mkononi.

"Sungura," Simba alisema polepole, "ulisema ndege asipotaga, wewe utawajibika."

"Nilimaanisha, Mtukufu, kwa ujumla..."

"Basi utataga wewe."

"Mtukufu?"

"Kaa juu ya kiota. Hutainuka mpaka utage yai la maji. Fisi atakulinda, na kila utakachonyimwa wewe, naye atanyimwa."

*

Wanyama walirudi nyumbani wakiwa wamecheka, jambo ambalo kwa mtu mwenye kiu huumiza koo. Wakakuta yai kwenye kila mlango. Kwenye milango iliyotoa mchango na iliyokataa. Kwa Nyani mbishi. Kwa Fisi pia, ambaye mkewe alilinywa bila kumwachia. Hata kwa Sungura lilikuwepo moja, limesimama wima mbele ya ghala la karanga za watu, na Digidigi mzee alilitazama muda mrefu.

"Kumbe ndege hakuwa na msemaji," alisema. "Hata mchango hakuutaka."

Akaingia ghalani, akachukua karanga zake. Nyuma yake ukajipanga mstari.

Yai moja lilikuwa ikulu, mlangoni, dogo kuliko yote. Hilo ndilo lililomgharimu Mhanga zaidi, akasita kwa muda nusura alirudishe shingoni. Lakini alikuwa mkarimu, hakuwa mjinga. Amri ya mayai yote kupelekwa ikulu ingeweza kuondolewa na mfalme tu.

"Nilijua," Simba alisema, akilizunguka yai huku ameinua mkia. "Alikuwa anangoja nimalize kazi za serikali. Amekuja mwenyewe kutoa heshima. Kwa kuwa heshima imetolewa, mwacheni atage anapotaka. Mimi si mtu wa kubana."

Kamati ya Ukame ilitoa taarifa ya kumpongeza.

Sungura alikaa juu ya kiota siku tatu. Wazazi waliwapeleka watoto kumtazama, na watoto walimuuliza kama inauma. Siku ya nne kiota kilikuwa kitupu na Fisi alikuwa anakula majani ya kiota. Tangu hapo Sungura akimwona mtu amebeba kikapu, hubadili njia.

Mvua ilirudi baada ya wiki tano. Kidoti, aliyekuwa amekwisha kusimama siku ileile ya Ijumaa, sasa alikimbia kwenye matope akimsumbua kila mtu. Ndege Mtagamaji hakuonekana tena, na Nyani alisema amehamia nchi nyingine. Binamu yake alimwona akipita.

Mhanga alirudia kulala mchana, kwa raha ya mtu anayelipwa usingizi wa wiki nyingi. Siku moja aliamka jua likiwa utosini, na hakujua kilichomwamsha. Alitoa pua nje ya shimo. Mbele ya mlango wake palikuwa na nusu ya ganda la yai la mbuni, imejaa mchwa wanono mpaka ukingoni, wengine bado wanatembea. Mchanga wote wa pale nje ulikuwa umefagiwa. Palibaki alama moja tu, ndogo, ya kwato, ya mtu ambaye bado anajifunza kufagia.

Mhanga alitazama kushoto. Alitazama kulia. Aliwasikia kwa Swala, mama na mtoto, wakijitahidi sana kukoroma.

Alijua fika kwamba hakuna ndege anayetaga mchwa. Hata hivyo aliitazama ile alama ya kwato kwa muda, akaifuta taratibu kwa mkia wake, kisha akaingia ndani na ganda lake.